Simu ya Saa Mbili Iliyolia Saa Tatu

Mwaka 1987 baba yangu, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, alikuwa Uingereza na wenzake waliopelekwa kuzipokea Nyayo na Umoja, meli mbili za makombora zilizoundwa na kampuni ya Vosper Thornycroft. Kambi ya wanamaji iko Mtongwe, Mombasa, lakini sisi tulikaa Buruburu, Nairobi, kwa kuwa mama alikuwa mwalimu na hakutaka kuhamahama kila baba anapohamishwa. Bibi, mzaa baba, alitoka Likoni akaja kukaa nasi. Alisema amekuja kumsaidia mama. Nadhani alizifuata barua za mwanawe.

Barua zenyewe zilichukua zaidi ya wiki. Bibi alisoma msahafu tu, herufi za kizungu hakuzijua, basi mama ndiye aliyemsomea, pamoja na yale maneno ambayo mume humwandikia mkewe peke yake. Bibi hakuruhusu mstari urukwe.

Mara mojamoja baba alipiga simu. Kupata laini ya nyumbani siku zile kulitaka subira, au mtu wa kukujua, na sisi tulikuwa na subira tu. Tulitumia simu ya jirani, mfanyakazi wa Reli. Ilikuwa nyeusi, imekalishwa juu ya kitambaa cha kufuma, na kwenye tundu mojawapo la kisahani cha namba palitiwa kikufuli ili watoto wasipige. Kupokea ilipokea vizuri.

Miadi ilikuja kwa barua: Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa mbili usiku. Kwake ingekuwa saa kumi na mbili jioni. Tulioga, tukavaa nguo za sikukuu, kana kwamba baba angetuona. Saa mbili ikafika. Saa mbili na robo. Mke wa jirani akaleta chai, kisha akaanza kuondoa vikombe kwa adabu ile ya mwenye nyumba aliyechoka. Saa mbili unusu mama akaaga.

Bibi hakuinuka. "Mwanangu akisema atapiga, atapiga. Nendeni mkalale."

Saa tatu juu ya alama, mtoto wa jirani akaja mbio akipiga kelele mlangoni. Mama alitoka na kanga moja, miguu mitupu, nasi nyuma yake. Tulimkuta bibi ameushika mkono wa simu kwa mikono miwili, anaongea kwa sauti ya kumfikia mtu ng'ambo ya kivuko.

"Marahaba, mwanangu. U mzima? Wenzio hawajambo? Wakubwa zako hawajambo? Wala nini huko?"

Siku hizo sauti ilipitia setilaiti, kwa kituo cha Longonot, ikichelewa kidogo. Bibi akiuliza, akisikia kimya, alidhani hakusikika, basi aliuliza upya, na jibu la swali la kwanza likagongana na swali la pili. Mama alinyoosha mkono. Bibi akamgeuzia bega. Kisha tukasikia, hata sisi tuliosimama, mlio mwembamba wa haraka-haraka: sarafu za baba zimekwisha.

Kukawa kimya.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema hajambo."

"Na nini tena?"

"Sikuwahi kumuuliza. Simu ilianza kulia."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, na si kicheko cha furaha chote.

Barua iliyofuata ilieleza. Usiku wa kuamkia Jumapili ile Waingereza walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka kuelekea majira ya baridi, na baba akapiga saa kumi na mbili ya huko bila kukumbuka kwamba Nairobi imekuwa saa tatu. Wenzake walimcheka wiki nzima, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika ramani melini, na saa ya melini ya kupimia jua na nyota ni ya Greenwich, haiguswi kiangazi wala baridi.

Chini kabisa aliongeza: "Jumapili ya tatu ya Novemba nitapiga tena. Shika simu wewe kwanza, ila usimwambie mama yangu kwamba nimesema hivyo."

Mama alikuwa ameshausoma mstari wote kwa sauti.