Nyama ya Ng'ombe ya Moshi na Pilipili Katika Chungu cha Umeme

Chungu cha umeme cha kupikia polepole, kile ambacho Wamarekani wengi hukiita Crock-Pot, hulainisha nyama ngumu bila kusimamiwa, lakini hakina moshi. Kule Texas kidari cha ng'ombe hukaa saa 10 au zaidi kwenye moshi wa kuni za mwaloni. Kwenye chungu, moshi lazima uutie mwenyewe, na ukiutia mara moja tu, mwanzoni, utaishia na mchuzi mwekundu wa kawaida.

Chukua kilo 1.5 ya bega, shingo au kidari. Steki isiyo na mafuta iache. Baada ya saa nane itakuwa nyuzi kavu zinazokwama kwenye meno. Unachotaka ni ile mishipa myeupe katikati ya nyama, kwa sababu ndiyo inayoyeyuka polepole na kuupa mchuzi unato. Kata vipande vitatu vikubwa, visiwe vya pilau. Isiwe imeganda: nyama ya barafu huchukua muda mrefu mno kupita kwenye joto ambalo vijidudu hulipenda.

Paka chumvi peke yake, vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa, kisha kausha uso wa nyama na uikaange kwenye sufuria yenye moto mkali hadi igeuke kahawia nzito pande zote. Usiruke hatua hii. Ndani ya chungu joto halivuki nyuzi 100, na rangi ile pamoja na harufu ya kuchoma huhitaji zaidi ya nyuzi 140. Viungo vya unga visitangulie hapa, maana paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa, huungua upesi na uchungu wake hautoki.

Katika mafuta yaliyobaki kaanga vitunguu maji 2 na punje 6 za kitunguu saumu. Epua, ndipo utie paprika ya moshi vijiko 2 vya chakula, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili manga vijiko 2 vya chai, na pilipili kichaa ya unga nusu kijiko cha chai. Hakikisha paprika ni ile ya moshi kweli. Ya La Vera, Hispania, hukaushwa juu ya moshi wa mwaloni kabla ya kusagwa. Paprika tamu ya kawaida itakupa rangi tu. Ukipata chipotle, ambayo ni jalapeño, pilipili ya Meksiko, iliyokaushwa kwa moshi, mbili zilizolowekwa na kusagwa zinatosha badala ya pilipili kichaa.

Ongeza nyanya nzito ya kopo gramu 140, sukari guru gramu 60, ukwaju mzito vijiko 2 vya chakula, haradali kijiko 1, siki vijiko 2, na maji robo kikombe. Robo, si zaidi! Chungu hupoteza mvuke kidogo sana, na nyama yenyewe itatoa kikombe kizima au zaidi. Sukari guru inafaa kuliko sukari nyeupe kwa kuwa ina ladha nzito inayokaribia molasi ya Wamarekani.

Weka nyama kwenye chungu, mimina mchuzi huu juu yake, kisha pika kwa moto mdogo saa 8 hadi 9. Nyama ya ng'ombe wa malishoni huweza kudai saa 10. Kila ukifunua kifuniko unajiongezea kama dakika 20. Iko tayari uma unapozunguka ndani yake bila kupingwa. Ikiwa bado inavuta, haijaiva, hata kama saa zimetimia. Umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili katikati ya upishi na chungu kimepoa, usiile.

Toa nyama, ichambue kwa uma mbili. Engua mafuta juu ya mchuzi lakini bakiza kiasi, kisha uchemshe kwenye sufuria pana hadi upungue nusu. Tia siki vijiko 2 vingine, onja pilipili na chumvi, rudisha nyama.

Sasa moshi wa pili. Washa kaa moja la mkaa wa miti nje ya nyumba, bila mafuta ya taa, hadi liwe jekundu kote. Weka kibakuli cha chuma katikati ya nyama, ndani ya sufuria wala si kwenye chungu cha udongo, ambacho huweza kupasuka. Tia kaa, dondoshea kijiko cha chai cha samli, funika mara moja. Ni kama kufukiza nguo kwa udi: moshi hushika vizuri penye mafuta, ndiyo maana hukuengua yote. Dakika 5 hadi 8. Zikipita 10, ladha hugeuka ya masizi, na hapo hakuna sukari wala siki itakayoiokoa.

Inayobaki iingie frijini ndani ya saa mbili, kwenye chombo kipana ili ipoe haraka, na iliwe ndani ya siku 3. Ukiipasha, ongeza maji kijiko kimoja kimoja, maana mchuzi utakuwa umeganda kama jeli.