Neno Nisilolichagua

Jumapili usiku, Mbeya

Kwetu siku huanza na neno. Tulipokuwa wadogo, kabla ya chai, baba alifungua kijitabu chake akasoma mstari mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya, akaomba kwa maneno machache, ndipo kila mtu akashika njia yake: shule, shamba, sokoni. Sisi ni Wamoravian wa Rungwe, na nyumba nyingi za jirani zilikuwa zinafanya hivyo hivyo saa ile ile. Ukienda kuteka maji baadaye ungeweza kumsikia mama fulani akilirudia neno lile lile uliloamka nalo.

Baba alishatangulia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nina nyumba yangu na watoto wangu, na kijitabu sijakiacha. Mwaka huu nimekielewa kuliko miaka yote, na nataka niandike nikiwa bado nakumbuka vizuri.

Kwa asiyejua: neno la siku halichaguliwi na mchungaji, wala na msomaji. Linaokotwa kwa kura huko Herrnhut, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, ambako kanisa letu lilihuishwa mwaka 1727. Tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf, mwenye ardhi ile na kiongozi wao, aliwapa waumini neno moja la kwenda nalo siku inayofuata. Likawa desturi, ndugu mmoja akipita asubuhi nyumba kwa nyumba kulipeleka, na kuanzia mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakawa yanachapwa. Hata leo mistari ya Agano la Kale, ipatayo 1,800, huwekwa kwenye bakuli na kuokotwa mmoja mmoja kwa kila siku ya mwaka. Mstari wa Agano Jipya ndio unaotafutwa na watu ili uendane na ule uliookotwa. Na kura hiyo hupigwa takriban miaka mitatu kabla.

Hiyo miaka mitatu naifikiria sana. Neno nililosoma asubuhi mama alipoanguka liliokotwa wakati mama bado anapalilia viazi vyake mwenyewe na kubeba mkungu wa ndizi kichwani.

Alipata kiharusi katika mvua za Machi. Upande wa kulia wote ulipooza, na kauli ikapotea. Hospitali walimhudumia, presha ikashuka, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na dawa na karatasi ya mazoezi. Ndipo likaja swali ambalo kila familia inayouguza mzazi inalijua: nani akae naye? Kaka yuko Dar es Salaam, anataka mama ahamie kwake. Mimi niko Mbeya, ualimu haunipi nafasi ya kukaa mchana nyumbani. Mdogo wetu wa kiume anaishi palepale kijijini na mke wake. Mama mwenyewe, kila Dar ilipotajwa, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea migombani, alikozikwa baba.

Pasaka ile hakwenda makaburini. Sisi Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunawasubiri wafu wetu pamoja na jua, tukiimba katikati ya makaburi, na mama hakuwahi kukosa. Tulikwenda bila yeye.

Kaka anaumia kuliko anavyoonyesha. Siku zile alituma kwenye grupu la familia ule mstari unaopendwa na wengi, Yeremia 29:11, kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, nayo ni ya amani wala si ya mabaya. Nilifarijika. Jioni nikakaa nikaisoma barua yote. Yeremia alikuwa anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na aya moja tu kabla ya ahadi ile anawaambia wazi kwamba itakuwa miaka sabini. Nabii mwingine, Hanania, alitangaza kule Yerusalemu kwamba itakuwa miaka miwili, na bila shaka wengi walimpenda zaidi. Yeremia anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa kwa nguvu.

Sisi tulikuwa tunaomba mama awe amesimama kufikia Juni. Tuliendelea kuomba hivyo, na bado tunaomba. Lakini barua ile ilinituma kwa fundi. Tulipanua mlango wa chumba cha mama, tukamwekea choo cha kukaa na bomba la kushikia ukutani, tukamnunulia kitanda cha kimo kinachomfaa. Mdogo wangu alisita kwanza, akaniuliza kama kufanya hivyo si kukata tamaa. Nikamsomea aya ya tano: jengeni, pandeni. Walioambiwa hivyo ndio walioahidiwa kurudi.

Hapa niseme jambo ambalo liko moyoni mwangu. Mji wetu umejaa mabango ya watu wanaoahidi majibu ya haraka: leta picha ya mgonjwa, chukua mafuta, chukua maji, Jumatano utafunuliwa. Ndugu wa upande wa mama alitusihi twende. Tulimshukuru, tukakataa. Nampenda ndugu huyo na najua alitaka jema, ila siwezi kukubali kwamba Mungu aliyemlea mama yangu tangu utoto anahitaji kulipwa ili amkumbuke. Neno la siku nalo si ramli. Halijaandikwa jina langu. Asubuhi ile ile linasomwa na mtu wa Jamaika, wa Suriname, wa Afrika Kusini, na kila mmoja ana mgonjwa wake. Siku nyingine ni onyo kwa wafalme, siku nyingine ni sifa za milima na bahari, na dawa za presha hazimo kabisa. Nalisoma hivyo hivyo. Nikiachiwa nichague mwenyewe, mkono wangu unakwenda Zaburi ya 23 na ya 121, kwa sababu najua zitanituliza. Neno nisilolichagua linanitoa kwenye chumba cha wasiwasi wangu na kunionyesha kwamba leo hii Mungu ana shughuli na wafalme, na bahari, na watu wa mbali, na mimi nimo humo miongoni mwao. Hilo limenipa nguvu kuliko nilivyotarajia.

Mchungaji wetu aliwahi kutusimulia habari za Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa naye akiyasoma maneno haya ya Herrnhut. Juni 1939 alikuwa New York, salama, kwa mwaliko wa marafiki, huku vita vikinukia kwao Ujerumani. Shajara yake ya siku zile imebaki, na ndani yake unamwona akihangaika: nibaki au nirudi? Tarehe 26 Juni akakutana na ombi la Paulo kwa Timotheo, kwamba ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi, na ombi hilo likamwandama siku nzima. Aliandika kwamba si kuyatumia Maandiko vibaya mtu akilipokea neno hilo kama aliyeambiwa yeye. Julai alipanda meli akarudi. Aliuawa na utawala wa Hitler katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Nikiisikia habari hiyo nakumbuka siku nyingi alizokuwa ameshasumbuka kabla ya hapo, ameongea na watu, ameomba, amekosa usingizi. Neno lilimkuta mtu ambaye tayari alikuwa anafikiri, na halikumtafutia njia nyepesi.

Sasa nirudi kwa mama, maana ndiye aliyenifundisha mengi mwaka huu.

Wiki za kwanza hakuweza kutamka hata "maji". Alijua anachotaka, macho yalionyesha, lakini ulimi ulitoa sauti ile ile moja kwa kila kitu, naye akalia kwa hasira. Mama yangu ni mtu wa maneno. Ameongoza akina mama kanisani miaka mingi, amesuluhisha ndoa za watu, ameombea wagonjwa usiku. Kumwona amefungwa kinywa kuliniuma kuliko ule mkono uliolala.

Jioni moja wifi alikuwa anamlisha uji huku akiimba polepole wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, ule ambao kwetu huimbwa mavuno yakiletwa. Mama akaimba. Si kuguna, aliimba ubeti mzima, sauti imekwaruza lakini kila neno mahali pake. Wifi aliweka bakuli chini, akanipigia simu, akashindwa kusema, akaisogeza tu simu kwenye mdomo wa mama. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Mbeya. Nilizima jiko nikakaa sakafuni nikasikiliza.

Mtaalamu wa fiziotherapia alitueleza baadaye kwamba jambo hilo linajulikana. Kiharusi kikiathiri upande wa kushoto wa ubongo, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuunda sentensi, na bado nyimbo, sala na maneno aliyokariri tangu zamani yakabaki. Alitushauri tuyatumie kuwa mazoezi ya kuzungumza. Basi tukaanza: Baba Yetu asubuhi na jioni, Zaburi ya 23, nyimbo za Krismasi ingawa ilikuwa Mei. Tukimwanzishia neno la kwanza, yeye anaendelea. Nazithamini dawa zake na nampenda daktari wake. Ila maneno yale yaliingia ndani yake asubuhi za miaka mingi, siku ambazo hakuna aliyekuwa mgonjwa, baba akisoma na sisi watoto tukisinzia, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua yatakuja kuhitajika kwa nini.

Kisha siku moja akaanza mwenyewe, bila kutanguliwa. "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Ni Zaburi ya 71. Wifi alikuwepo, mdogo wangu alikuwepo. Sisi watoto wake tulikuwa tunafanya vikao kwenye simu, nani akae naye, nani alipe nini, na yeye chumbani anayasikia yote.

Baada ya hapo ndipo likaja neno la Yethro. Yethro, mkwewe Musa, anamwona Musa ameketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, anamwambia jambo hili ni zito, huwezi kulifanya peke yako, utachoka wewe na watu hawa pia. Nililisoma kabla ya kwenda kazini, nikadhani nalijua: kaka apunguze kubeba kila kitu, au mimi nipunguze. Njiani kuelekea shuleni kukanijia uso wa wifi.

Tangu Machi alikuwa yeye. Kumgeuza mama usiku, kumwogesha, kufua mashuka, uji, dawa, na watoto wake wawili juu. Alikuwa ameacha biashara yake ya ndizi Kiwira, na hakuna aliyemwuliza kuhusu hilo, kwa kuwa hakuwahi kulalamika. Tulikuwa tunauliza nani akae na mama wakati kuna mtu anakaa naye. Nilipofika shuleni nilimpigia kabla ya kengele. Nikamwuliza, "Wifi, wewe unalala saa ngapi?" Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaanza kunieleza, na kengele ikalia akiwa bado ananieleza. Nilimwomba mwalimu mwenzangu anishikie kipindi.

Paulo anawaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo. Nimeufundisha mstari huo shule ya Jumapili mara nyingi, na watoto wanauimba. Kuutenda kuna ratiba, kuna nauli, kuna kuulizana fedha kwa uwazi. Kaka sasa analipa binti wa jirani anayekuja asubuhi hadi mchana. Mdogo wangu amechukua zamu ya usiku siku za katikati ya wiki, na nakiri kwamba anamgeuza mama kwa upole kuliko mimi. Wifi amerudi sokoni siku mbili kwa juma. Mimi Ijumaa jioni napanda gari pale Uyole kwenda Tukuyu, narudi Jumapili. Nimeomba uhamisho kwenda Rungwe kwenye mfumo wa watumishi, bado haujajibiwa. Mume wangu aliupokea uamuzi huo kwa moyo mkubwa, na tumeomba pamoja kuhusu shule za watoto, ambalo bado ni swali.

Wenzi wa maombi pale usharikani wameuliza jinsi nilivyojua la kufanya. Nimewajibu kama nilivyoandika hapa: sikuota ndoto, sikusikia sauti. Kulikuwa na neno kila asubuhi, kulikuwa na mama na zaburi yake, kulikuwa na wifi aliyeulizwa akajibu.

Mama sasa anasimama akishikwa. Maneno yake mapya yanaongezeka polepole, mengi ni majina ya watu, na la wifi lilitangulia yetu sote. Jana kaka alipiga simu ya video, akamwuliza tena kwa upole kama atakubali kuja Dar, kuna wataalamu wengi huko. Mama akamtazama, akavuta pumzi, akajibu mwenyewe: "Hapana." Neno lake, halikutoka kwenye wimbo wala zaburi. Kaka alicheka mpaka akafuta machozi, akasema basi atakuja yeye Desemba, akae mwezi mzima, na tuanze kumtafutia mama mtaalamu wa mazoezi wa huko huko Tukuyu.