Bekapu za mashine pepe, Kisumu hadi Nakuru: mradi umefika hapa

Mvua za Kisumu huja na radi kali, na umeme wetu ni wa kwenda na kurudi. Seva zangu mbili za Proxmox (programu ya kuendesha mashine pepe) hapa nyumbani zinabeba mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva, yenye daftari la chama cha mamangu: michango, mikopo, faini. Sitaki akina mama wale wakose hesabu yao hata siku moja.

Nilianza na urudufishaji, yaani kunakili mashine kila mara kati ya seva hizo mbili. Proxmox huufanya kwenye ZFS pekee (mfumo wa kupanga data kwenye diski), na hifadhi lazima iwe na jina lilelile pande zote mbili. Mara ya kwanza diski hutumwa nzima. Baada ya hapo, kila dakika 15 usipobadilisha ratiba, hutumwa mabadiliko tu. Seva moja ikifa, naiwasha mashine kwenye ya pili. Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iko pembeni kupiga kura ya tatu ya kuamua seva ipi iendelee na kazi, maana seva mbili zikipotezana hakuna yenye wingi wa kura.

Lakini urudufishaji si bekapu, jamani. Mtu akifuta rekodi saa nne asubuhi, ikifika saa nne na robo imefutika kwingine pia.

Kwa hiyo kuna mashine ya tatu, yenye Proxmox Backup Server (programu ya bekapu), kwa shemeji kule Nakuru. Ina diski mbili zinazobeba data ileile. Za SMR, ambazo huandika data kwa mistari inayopandana, nilizikwepa, kwa kuwa huburura miguu sana ZFS inapojaza upya diski mpya iliyochukua nafasi ya iliyokufa. Bekapu ya kwanza niliifanya hapahapa kwa waya, ndipo mashine ikapanda matatu ya kupitia Kericho. Programu hukata diski ya mashine pepe vipande vya MiB 4 (takriban megabaiti 4), na kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakitumwi tena. Usiku husafiri mabadiliko ya mchana tu, na intaneti ya nyumbani inayamudu.

Shemeji aliuliza, "Sasa shem, siri za chama zitalala kwangu?" Zitalala, ila zimefungwa: data husimbwa kabla ya kutoka Kisumu. Ufunguo nimeuchapisha kwenye karatasi, nikauweka mbali na seva zote. Ukipotea huo, bekapu hazina faida.

Jambo la kuzingatia kuhusu nafasi: kupunguza bekapu za zamani hakurudishi nafasi papo hapo. Hapo huondolewa orodha tu ya vipande. Vipande vyenyewe hufutwa na kazi ya kukusanya taka, nayo haigusi kipande kilichotumika ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Panga ratiba diski ikiwa bado na nafasi.

Jana nilirejesha mashine ya chama kwa namba mpya ya utambulisho, mtandao wake ukiwa umekatwa, mama akiwa kando na daftari lake la karatasi. Tulilinganisha mkopo mmoja mmoja. Zote zikawiana, hadi faini za kuchelewa. Kilichobaki ni ratiba ya kuhakiki bekapu kila wiki, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya Nakuru.