Nilivyowafumbisha macho viziwi kanisani

Nilipotaka viziwi wa kanisani kwetu nao wapate hubiri, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "waandikie tu, si wana macho". Aliyesema ni mzee wa kanisa letu hapa Kihesa, Iringa, namheshimu sana ila hapo aliniponza. Nikaandika hubiri zima kurasa 4, nikatoa kopi 12 kwa hela yangu, elfu tano hivi, wakazipokea wanatabasamu wakazikunja. Kumbe wengine shule hawajaikanyaga, na hata waliosoma, Kiswahili kwao ni lugha ya pili, Lugha ya Alama ya Tanzania ina mpangilio wake kabisa sio Kiswahili cha mikononi. Kopi moja nilikuja kuikuta imefungia karanga.

Basi nikajifunza alama. Hela ya kozi sina. Ila mjini kuna Neema Crafts ya Waanglikana, ipo tangu 2003, pale mgahawani wanaohudumia ni viziwi, oda unaandika kwenye karatasi. Kila Jumamosi naagiza chai moja naikalia masaa mawili, naonyesha kikombe, naonyesha dirisha, kijana ananipa alama yake huku ananicheka. Ile chai ndio ilikuwa ada.

Sasa siku ya kwanza kutafsiri. Mchungaji kasema tuombe, mimi nikawageukia watu wangu nikawaonyesha, fumbeni macho. Watiifu wale, wakafumba wote. Nikaanza kutafsiri maombi, mikono inapaa, najiona nimeiva haswa, nikaombea wagonjwa, nikaombea mvua, nikaombea na viongozi wa nchi, dakika kama saba hivi. Amina! Kanisa zima likakaa. Viziwi wangu 11 wamesimama vile vile, macho wamefumba. Nani awaambie?? Nikapunga mikono, halafu ndio akili ikanirudia kwamba napungia nani. Baridi yote ile ya Julai mimi jasho linanitoka. Ikabidi nishuke nikawaguse bega mmoja mmoja, wa tano alishtuka akamtia kiwiko mama wa kwaya, kanisa likashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo sisi tunaomba macho kodo.

Na nguo jamani, usitafsiri umevaa kitenge cha maua, vidole vinapotelea humo humo, vaa rangi moja. Dirisha lisiwe mgongoni kwako maana uso unakuwa kivuli, na uso nao unaongea. Ibada ya jioni umeme ukikatika hubiri limeisha, mimi natembea na tochi mbili.

Kinachoniudhi mpaka leo ni wahubiri wageni. Akiambiwa tu hawa ni viziwi (wengine wanasema mabubu, acheni hilo neno), anawaita mbele awaombee wasikie, kila mgeni anaanza upya. Dada mmoja akaniambia kwa alama, mimi nimekuja kuabudu, sijaja hospitali. Wanne waliacha kuja kabisa, nikawafuata nyumbani mpaka Mtwivila, wawili tu ndio wamerudi.

Wameshanipa jina la alama, wanashika kope wanazishusha. Sijalipenda ila jina hupewi kwa kuchagua.

Jumapili hii zamu ya kuhubiri ni ya yule dada, kwa mikono yake, mimi natafsiri kwa mdomo. Mzee kanifuata jana ananiuliza, hivi hatuwezi kuandikiwa?