Doa la mawese

Alhamisi usiku, Ujiji

Leo nilikuwa na usaili. Nafasi ya karani wa mapokezi, ghala la kununua mawese kwa wakulima, huko Mwanga. Jina la ghala nalificha kwa sababu kazi yao bado naitaka.

Shati niliazima kwa binamu. Jeupe. Jana jioni nililipiga pasi ya mkaa huku nimelifunika kwa khanga ya mama, majivu yasije yakaruka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshavaa, vyeti viko kwenye faili, natoka uani. Mama akaniita: "Baba, hebu nishikie hili dumu kabla hujaondoka."

Asubuhi zenye baridi mawese huganda, yanakuwa mazito kama uji uliolala, kwa hiyo dumu husogezwa karibu na jiko yayeyuke ndipo aanze kuwapimia wateja. Nililishika mara moja tu. Nikiwa ndani ya haisi ndipo nikaona doa kwenye mkono wa kulia, pale penye kifungo, la rangi ya chungwa, ukubwa wa sarafu ya 100. Mtu wa Kigoma anajua doa la mawese halifutiki kwa mate. Mimi nikalifuta kwa mate. Likawa sarafu ya 500.

Kwenye benchi tulikuwa tisa. Jamaa mmoja kutoka Kasulu alikuwa na tai na viatu ambavyo ungeweza kujitazamia meno. Sikutaka hata kukaa karibu naye.

Kilichokuwa kinaniumiza kichwa zaidi ni salamu. Wiki nzima nimeiwaza. "Habari za asubuhi" ni ya kiofisi, sawa, lakini mzee mwenye mvi ukimpa hiyo, hapa kwetu ataanza kujiuliza umelelewa na nani. Nikaamua shikamoo. Naingia, nakuta wazee wawili na dada mmoja ambaye kwa macho tu nadhani nimemzidi mwaka au miwili. Sasa unamtenga vipi mmoja kati ya watatu? Nikasema, "Shikamooni." Wazee wakaitika. Yule dada akainua kichwa taratibu kutoka kwenye karatasi zake: "Marahaba, mwanangu." Mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka, ila nilichelewa, nikabaki nacheka peke yangu.

Nikajieleza. Hapo nilikuwa nimekariri, ikatoka kama shairi la shule ya msingi. Wakauliza udhaifu wangu. Nikasema huwa nafanya kazi sana mpaka nasahau kupumzika. Mzee wa miwani akaandika kitu bila kunitazama, akasema, "Wewe ni wa nne leo mwenye ugonjwa huo."

Muda wote huo mkono wa kulia uko chini ya meza. Dada akauliza kama unaniuma. Nikasema hapana, lakini sikuutoa.

Swali la mbegu nililitegemea. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipokuja kuhimiza chikichi, mbegu ya tenera imekuwa wimbo huku. Nikasema ni mseto wa aina mbili za mchikichi, dura na pisifera, kokwa lina ganda jembamba na nyama ya tunda ni nyingi. Wakatikisa vichwa, tukasonga.

Kisha mzee wa pili, aliyekuwa kimya: "Mkulima kaleta dumu la lita 20, limejaa. Unaandika kilo ngapi?"

"Kumi na nane na ushee, ukishatoa uzito wa dumu."

"Yeye anasema ni 20."

Hapo nikasahau usaili. Nikamwambia mafuta ni mepesi kuliko maji, hayawezi kufika 20. Yakifika, kuna maji yamelala chini. Unachovya kijiti mpaka kwenye kitako cha dumu, unakitoa, unakipitisha juu ya moto. Kikichachatika, mwenye dumu arudi nalo nyumbani akalichemshe upya. Nilikuwa naonyesha kabisa, kijiti kinavyoshuka, kinavyopanda, na mkono uko hewani mbele ya nyuso zao.

Wote watatu wakaliangalia doa.

"Na hicho," mzee akasema, "ni cheti cha wapi?"

Nikasema ni cha mama. Sijui jibu gani lile.

Wakasema watapiga simu. Yule wa tai naye aliambiwa hivyo hivyo, nilimuuliza nje. Kumbe ni mcheshi, na viatu si vyake.

Mama amelifua shati kwa sabuni ya mise, yaani ya mafuta ya kiini cha chikichi, mafuta yametoka, rangi imebaki. Anasema rangi ya mawese sabuni haiiwezi, jua ndilo linaloila, kwa hiyo kesho litaanikwa tangu alfajiri, doa likitazama juu. Naomba jua liwake kwelikweli. Binamu analitaka Jumamosi, na yeye ameitwa usaili.