Usiku Baba Alipokwenda Kuiona Bendi Yake

Baba hakuwahi kuiita bendi yake OTTU. Hata JUWATA ilimtoka kwa shida. Kwake bendi ile ilibaki kuwa NUTA, kwa sababu alipoanza kazi chama cha wafanyakazi kilikuwa NUTA, na ada ya chama ilikatwa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Bendi ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama hicho. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikageuka. Mwaka 1991 ilipokuja OTTU, ikageuka tena. Wapenzi wengi walimaliza usumbufu huo kwa kuiita Msondo tu, jina la mtindo wake. Baba yeye aliamini, tena kwa dhati, kwamba ndani ya tarumbeta zile mna shilingi zake.

Tulikuwa tunakaa kota za kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Baba alikuwa fundi wa karakana. Redio yetu ilikaa juu ya kabati, na betri zikichoka tulizianika juani mchana kutwa ili jioni zituvumilie kidogo. Mwaka ninaousimulia ni 1993. Redio ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Stesheni za watu binafsi zilikuja mwaka uliofuata, na televisheni huku Bara vilevile. Kwa hiyo wanamuziki tuliowapenda tuliwajua kwa sauti. Nyimbo zao zilirekodiwa studio za RTD, na ukiupenda wimbo mara nyingi ulikuwa huna pa kuununua, unakaa karibu na redio kuusubiri upigwe. TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo, nilimjua kwa namna anavyolivuta neno la mwisho la mstari. Sura yake nilijichorea mwenyewe.

Kulikuwa na jina moja ambalo Baba hakupenda kulisikia: Muhidin Maalim Gurumo. Gurumo aliimba NUTA tangu enzi za mwanzo, kisha mwaka 1978 akaondoka, akaenda kuwa miongoni mwa waliosimamisha Mlimani Park, wale wa Sikinde. Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo lilikuwa jambo la mjini, la kubishania kama watu wanavyobishania Simba na Yanga. Kwa Baba lilikuwa zaidi ya hapo. Sikinde wakipigwa redioni na sauti ile nzito ikaingia, aliinuka, akatoka nje kumwagilia migomba, hata kama mvua ilinyesha jana yake. Mama alikuwa akimwangalia tu. Baadaye Gurumo akapita Orchestra Safari Sound, halafu mwanzoni mwa miaka ya tisini akarudi Msondo. Baba hakusema kitu. Ila akaacha kuinuka.

Habari ya Arusha aliileta mzee mmoja jirani aliyekuwa na Land Rover 109, ya kubebea ndizi kutoka Kibosho. Alikuwa ametoka Moshi mjini, akalikuta gari la matangazo likizunguka Mbuyuni na kipaza sauti: Msondo wako ziara ya mikoani, Jumamosi wanapiga Arusha. Jioni ile ile wazee wakakaa barazani kwetu wakachangishana fedha za mafuta. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sina kazi ya maana. Mama akamwambia Baba, "Mchukue na huyu. Amekua, na nyimbo zenu zote anazijua." Alikuwa ameshaiweka pasi ya mkaa tayari kwa ajili ya Kaunda suti ya Baba, ile ya kijivu ya sikukuu.

Tuliondoka Jumamosi alasiri. Mbele walikaa mwenye gari na Baba. Nyuma, kwenye mabenchi chini ya turubai, nilikaa mimi na wafanyakazi wenzake, akiwamo mzee wa boila. Huyu alikuwa mtu wa Kondoa, mpole kabisa kazini, lakini alikuwa Sikinde damu. Alichanga mafuta sawa na wengine, akasema anakwenda kuhakikisha kwa macho yake kwamba Msondo wamekwisha.

Basi ubishi ulianza kabla hatujafika hata Moshi mjini. Nilikuwa nimezoea kuwaona wazee hawa wakizungumzia zamu, vipuri na mishahara. Sikujua kwamba wana elimu nyingine yote hii vichwani. Walijua nani aliingia ubeti wa pili wa wimbo gani, nani alihama na nani, nani aliporudi alikuta nafasi yake imeshikwa. Mzee wa boila akatetea magita ya Sikinde, akasema yamepangwa, kila moja na njia yake, hayagongani. Wa Msondo wakamjibu kwa tarumbeta. Mmoja akaanza kuimba, wengine wakaitikia sehemu za tarumbeta kwa midomo, pa-paa, pa-pa-paa, na mzee wa boila, ambaye alikula kiapo kwamba hazijui nyimbo za Msondo, akawa ndiye anayewasahihisha wakikosea. Tulipita Weruweru tukiimba, tukapita Boma Ng'ombe tukiimba. Baada ya njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nchi ikawa kavu, jua linazama usoni kwa dereva, Meru imesimama mbele yetu na Kilimanjaro imebaki nyuma. Nilitazama kupitia uwazi wa turubai nikamwona Baba kwa kisogo. Alikuwa kimya. Kidole chake kilikuwa kikigonga dashibodi.

Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River. Tengeru baridi ikatukamata. Sisi wa mashamba ya miwa tumezoea joto, hakuna aliyekumbuka sweta. Mwenye gari alikuwa amekaa Arusha ujanani, akatuambia mji huu haukuanza leo kujua magita: ndugu wa akina Kinyonga walitoka Tanga wakaanzisha Arusha Jazz hapa hapa mwaka 1970, kabla hawajavuka kwenda Nairobi na kuwa Simba Wanyika. Alisema alikuwa akiwacheza kila wiki. Sina sababu ya kutomwamini.

Ukumbi ulikuwa wa baa moja Kaloleni, uwanja wenye kuta na paa la mabati upande wa jukwaa tu. Watu walishajaa mlangoni. Ilipofika zamu yetu, Baba akatoa mfukoni kadi ya NUTA. Sikujua kwamba bado anayo. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekatika kwenye mkunjo, na mihuri ya ada imefifia. Akampa yule kijana wa tiketi.

"Mimi ni mwanachama," akasema. "Vyombo vya bendi hii tumevinunua sisi."

Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye taa, akaisoma. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Karibu sana. Lakini kiingilio ni kile kile, mzee wangu."

"Najua," Baba akasema, na fedha alikuwa ameshazishika mkono wa pili. "Nilitaka ujue tu." Akarudishiwa kadi yake, akaitia mfuko wa juu wa suti, si ule wa ndani ilikotoka.

Sasa nifike kwenye muziki wenyewe, maana mpaka leo ndio ninaoupigania nikikutana na mtu anayesema bendi zile zilikuwa zote sawa.

Nilipata nafasi ubavuni mwa jukwaa, karibu na spika ya gita. Redioni, muziki wa Msondo nilikuwa nausikia ukija kwa pamoja, sauti mbele na vingine vyote nyuma, na gita nilidhani ni moja lenye vidole vingi. Pale niliona ni matatu mbali na besi. Said Mabera, aliyekuwa na bendi tangu enzi za NUTA, alishika solo, na mikono yake haikuonyesha haraka yoyote, ilhali noti zilitoka moja moja, safi, bila kukanyagana. Pembeni yake gita la pili likamjibu kwa maneno mafupi. La tatu lilikuwa la ridhim, na hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilitambua kwamba kile nilichokuwa nikikipenda miaka yote, kile kitu kinachonifanya niinue bega bila kujua, kilikuwa kinatoka kwake. Jamaa aliyelipiga hakuna aliyemtazama. Alikuwa akizungusha mstari ule ule wakati solo na la pili wanapokezana juu yake kama akina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Nikaacha kuwatazama waimbaji. Nyimbo kadhaa zilipita nikimtazama yeye tu.

Halafu chemko. Anayeujua muziki wetu wa dansi anajua kwamba wimbo una sehemu mbili: kwanza mashairi, taratibu, kisa kinasimuliwa, watu wameshikana, kisha waimbaji wanasogea, magita yanachukua, tumba inabadilika, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa nguvu. Redioni sehemu hiyo ilikuwa na mwisho, kwa sababu kulikuwa na taarifa ya habari inayosubiri. Ukumbini haikuwa na mwisho wa kujulikana. Bendi iliwatazama wachezaji, na maadamu miguu haijachoka chemko liliendelea, mpiga solo akigeuza njia, wapulizaji wakiirudia, watu wakipiga yowe. Wapenzi walipanda jukwaani kutunza, wakawabandika waimbaji noti kwenye paji la uso. TX Moshi William hakufanana hata kidogo na sura niliyomchorea, na baada ya mstari mmoja nilikuwa nimeisahau hiyo ya kwangu. Lile neno la mwisho alilivuta vile vile.

Gurumo alipochukua kipaza sauti nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya watu, mikono nyuma, kama anavyosimama karakana akisikiliza mashine. Sauti ile ukumbini ilikuwa nzito kuliko redioni; niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Ubeti wa kwanza Baba hakusogea. Ubeti wa pili midomo yake ikaanza kwenda. Magita yalipochukua, akaanza kutembea kuelekea mbele, watu wakimpisha, akapanda ngazi za jukwaa na Kaunda suti yake ya kijivu, akatoa noti, akamtunza. Hakumbandika usoni. Aliiweka mkononi mwake na kuufumba ule mkono kwa mikono yake miwili, wakatazamana kidogo, akashuka. Sijui kama walisemezana. Kelele zilikuwa nyingi. Kisha Baba akacheza. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akicheza, hata harusini. Alicheza peke yake mpaka mzee wa boila akaja kuungana naye, na wale wawili hawakukaa tena mpaka bendi ilipofunga vyombo.

Tulirudi usiku wa manane. Safari hii Baba alikaa nyuma na sisi, nafasi ya mbele akamwachia mwingine. Hakuna aliyeimba, koo zilikuwa zimekwisha. Tulipokaribia Usa River mzee wa boila akakubali, bila kuulizwa, kwamba wamepiga. Kisha akamgeukia Baba. "Lakini mwenzangu, wewe ulikuwa hutaki hata jina lake."

Baba alikaa kimya hata nikadhani amelala.

"Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa," akasema, "mwaka ule wa themanini na tatu, niliandikiwa barua kutoka Mombasa. Kampuni ya meli. Mshahara karibu mara mbili. Hapa sukari tunatengeneza wenyewe lakini sabuni hatuna, mnakumbuka. Nikafunga sanduku." Akanitazama. "Huyu alikuwa mdogo. Mama yake akalifungua lile sanduku, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini, hakusema neno. Sikwenda. Lakini nililifunga, jamani. Mimi niliyekuwa namwita Gurumo msaliti."

Hakuna kati yao aliyekuwa anaijua habari ile, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Mimi nilikuwa nalijua sanduku, lipo chini ya kitanda, tunawekea mablanketi. Mwenye gari, ambaye alikuwa anasikiliza kupitia dirisha la nyuma, akasema kwamba na yeye alikaribia kubaki Nairobi. Mwingine akasimulia ya kwake, ya machimbo ya Mererani. Ikawa zamu kwa zamu mpaka Boma Ng'ombe, ambako tulisimama kunywa chai kwa mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anawasha mkaa wake.

Pale kwenye chai mzee wa boila akaweka sharti lake. Amekwenda kwa Msondo, amecheza, na amekiri mbele ya watu. Kwa hiyo siku Sikinde watakapokuja Moshi au Arusha, gari hili hili, watu hawa hawa, na hakuna atakayejidai anamwagilia migomba. Baba akacheka, akampa mkono.

Na walipokuja Moshi, Baba ndiye aliyelipa viingilio vya wote, na mimi niliingia nao, nikaenda moja kwa moja kusimama mbele ya mpiga ridhim.