Kila Kitu na Leya Yake: Nilivyojifunza Kupanga Leya Chaguomsingi Kabla ya Kuchora Ukuta wa Kwanza

Asubuhi moja ya kipupwe, fundi aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba huko Isyesye, hapa Mbeya, alinipigia simu na kuniuliza, kwa upole wa mtu anayedhani huenda kosa ni lake: "Injinia, ile baraza ya mbele inabebwa na nini? Kwenye karatasi yangu sioni nguzo hata moja." Mimi ni mchoraji wa ramani wala si mhandisi, lakini mafundi wengi wa huku humwita hivyo kila anayefika kiwanjani na karatasi mkononi, nami nimezoea. Nilifungua faili, nikaziona nguzo zote nne mahali pake. Nikachapisha ukurasa uleule: nguzo hazikutoka.

Sababu niliipata baada ya saa nzima. Nguzo zile zilikuwa kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, iitwayo Defpoints. AutoCAD, programu ninayochorea ramani, huiunda leya hiyo yenyewe mara tu unapoweka kipimo cha kwanza kwenye mchoro, na kilichomo ndani yake huonekana kwenye skrini lakini hakichapishwi kamwe. Wachoraji wengi tumejifunza kuitumia kama maficho: fremu zinazoonyesha mchoro kwenye karatasi tunaziweka humo ili zisitokee kwenye chapa. Siku ile nilikuwa nimeifanya Defpoints kuwa leya ya kazi, yaani ile inayopokea kila kinachochorwa, ili nichore fremu, kisha nikarudi kwenye ramani na kuongeza nguzo za baraza bila kubadilisha leya. Programu ilitii tu hali niliyoiacha. Fundi alikuwa bado hajamwaga zege, kwa hiyo hasara ilikuwa ni nusu siku ya kuchimba upya, lakini nimeifikiria nusu siku hiyo mara nyingi, kwa kuwa aliyeilipa kwa jasho hakuwa mimi.

Tangu hapo nimekuwa nikishikilia jambo moja, na ninawaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu kabla hawajagusa kipanya: swali la kila kitu kwenda leya ipi lijibiwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Usipolijibu wewe, programu italijibu kwa niaba yako, na jibu lake halijui kwamba ramani yako itapita kwa mhandisi wa miundo, kwa mkadiriaji majenzi, kwa fundi umeme, kisha ifike kiwanjani ikiwa karatasi ya A3 nyeusi na nyeupe iliyochapishwa steshenari.

Kwa asiyeijua kazi hii, leya ni kama karatasi nyepesi zinazopitisha mwanga zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta kwenye moja, milango kwenye nyingine, vipimo kwenye nyingine tena. Unaweza kuificha moja, kuifunga isiguswe, au kuipa unene wake wa mstari, na vyote vilivyomo vikafuata. Leya chaguomsingi ni ile ambayo kitu kipya kinatua chenyewe pale unapokichora bila kutoa agizo lolote.

Programu hazifanani katika hili, na nadhani wachoraji wengi hutaabika kwa sababu wanahama na mazoea ya programu moja kwenda nyingine. Katika AutoCAD ya kawaida, mstari, duara au umbo lolote huingia kwenye leya ya kazi, iwayo yote. Ukisahau kuibadilisha, sinki la jikoni litalala pamoja na kuta. Zipo nafuu chache ambazo hazitumiwi inavyostahili. Kwa mistari ya kujazia, ile tunayoitumia kuonyesha tofali au zege lililokatwa, kuna kigezo kiitwacho HPLAYER. Kwa vipimo kuna DIMLAYER. Ukiandika jina la leya ndani ya vigezo hivyo, mistari ya kujazia na vipimo vipya vitakwenda kwenye leya hiyo hata kama leya ya kazi ni nyingine kabisa. Ninavikagua vyote viwili kila ninapoanza mchoro, na tangu nianze kufanya hivyo sijaona tena vipimo vikipotea pamoja na samani pale mhandisi anapozificha samani.

Leya 0 inahitaji maelezo yake. Haifutiki wala haibadilishwi jina, na kwa kuwa kila faili jipya hufunguka nayo, wengi huchora nyumba nzima ndani yake. Kazi yake halisi ni nyingine. Vitu vya bloku, yaani mchoro mdogo unaohifadhiwa mara moja na kuingizwa mara nyingi, tuseme mlango au choo, vikichorwa kwenye leya 0 na rangi yake ikiachwa ifuate leya, huvaa sifa za leya ambayo bloku hiyo itaingizwa. Mlango mmoja uliochorwa hivyo unaweza kutumika kama mlango mpya kwenye leya ya milango mipya, na kama mlango wa kubomolewa kwenye leya ya ubomoaji, bila kuchorwa mara ya pili. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba leya 0 ni ya kutengenezea bloku tu. Kitu kingine chochote nikikikuta humo nakihesabu kuwa kimepotea njia.

ArchiCAD inafikiri kwa namna tofauti, nami naipenda zaidi kwa jambo hili. Kila chombo, kiwe cha ukuta, cha nguzo, cha sakafu au cha paa, kinabeba mpangilio wake chaguomsingi, na leya ni sehemu ya mpangilio huo. Ukibofya chombo mara mbili huku hakuna kilichochaguliwa, unapanga vitakavyochorwa baadaye. Ukibofya huku ukuta umechaguliwa, unabadilisha ukuta huo peke yake. Tofauti hiyo ndogo imewachanganya wanafunzi wangu kuliko kitu kingine chochote. Jambo jingine la kulijua mapema ni kwamba milango na madirisha katika ArchiCAD havina leya ya kwao: vinakwenda na ukuta vilimopachikwa. Anayetafuta leya ya madirisha ili ayafiche atatafuta bure. Aidha, kila leya ina namba ya makutano, na kuta zilizo kwenye leya zenye namba tofauti haziungani hata zikigusana. Kwa nyumba zetu za tofali za kuchoma hilo lina faida, kwa sababu ukuta wa uzio unaofika hadi kwenye kona ya nyumba haupaswi kuonekana kama umejengwa kwa mkupuo mmoja na ukuta wa sebule.

Revit haina leya kabisa. Inapanga vitu kwa aina zake, na leya huzaliwa pale tu unapolitoa faili kwenda kwenye muundo wa DWG, ule wa mafaili ya AutoCAD, kupitia jedwali linalosema kuta ziende leya ipi na ngazi ziende ipi. Jedwali hilo likiachwa bila kuangaliwa, mhandisi anayepokea faili atakuta majina asiyoyatarajia. Kuhusu SketchUp, tangu toleo la 2020 leya zake zinaitwa lebo, na inatosha kukumbuka kwamba mistari na nyuso huachwa bila lebo, halafu lebo hupewa makundi yaliyokamilika.

Kwenye majina ya leya ndiko nilikosita sana. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani, AIA, kilitoa mwongozo wake wa leya mwaka 1990, na majina yake kama A-WALL na A-DOOR, ambapo herufi ya kwanza inataja taaluma, yameenea hadi kwetu; kiwango cha kimataifa cha ISO 13567 kilifuata mwaka 1998. Nilijaribu kwa muda kutumia majina ya Kiswahili matupu, na ninaamini bado kwamba mchoraji hufikiri vizuri zaidi anaposoma neno "lenta" kuliko ufupisho wa kigeni. Hata hivyo faili zangu zilipofika kwa mhandisi ilimlazimu kutafsiri upya kila leya, na kila tafsiri ni nafasi ya kosa. Suluhisho nililofikia ni kubakiza herufi na majina ya mwongozo ule, kisha kujaza safu ya maelezo, ambayo ipo kwenye orodha ya leya za AutoCAD na ambayo karibu kila faili ninalopokea limeiacha tupu. Humo naandika kwa Kiswahili kamili: kuta za tofali za kuchoma zisizopigwa lipu upande wa nje, msingi wa mawe ulio chini ya usawa wa ardhi, mifereji ya maji ya mvua. Kwa miteremko yetu na mvua zinazoanza Novemba na kutuandama hadi Aprili au zaidi, leya ya mifereji na leya ya ukuta wa kuzuia udongo haziwezi kukosekana kwenye kiolezo, yaani faili la kuanzia lenye leya zilizokwisha kupangwa, cha mtu anayechora Mbeya, ingawa violezo vinavyokuja na programu havizijui.

Unene wa mistari nao naupanga ndani ya leya yenyewe, nikifuata saizi za kawaida za ISO: milimita 0.50 kwa kuta zilizokatwa, 0.25 kwa milango na samani, 0.13 kwa mistari ya kujazia. Zamani nilitegemea jedwali la uchapishaji linalotafsiri rangi kuwa unene, na lilinitosha hadi nilipobeba faili kwenye flashi kwenda kuchapisha mahali pengine. Kompyuta ya huko haikuwa na jedwali langu, ramani ikatoka na mistari ya unene mmoja, kuta na vigae vya bafuni havitofautiani. Sasa natumia jedwali la monochrome linalokuja na AutoCAD yenyewe, ambalo hugeuza rangi zote kuwa nyeusi na kuuacha unene ubaki ule wa leya.

Mafaili ya wengine nayapokea kwa amri ya LAYTRANS, inayolinganisha leya zilizoingia na za kiolezo changu na kuzihamisha kwa pamoja. Ulinganisho ukihifadhiwa, faili lijalo kutoka kwa mtu yuleyule ni kazi ya dakika chache. Na fremu za karatasi sizifichi tena Defpoints. Nimeziundia leya yao, nikaizimia alama ya printa, na jina lake linasema waziwazi kwamba haichapishwi.

Kiolezo changu bado kina pengo moja. Nyumba nyingi za huku, kwa ajili ya baridi ya Juni na Julai, zinahitaji mahali pa kuotea moto sebuleni, na dohani yake huanzia kwenye msingi, ikapanda ndani ya ukuta, ikatoboa dari na kumalizikia juu ya bati. Nikiiweka pamoja na kuta, anayechora paa hataiona atakapozificha kuta. Nikiiweka pamoja na paa, fundi wa msingi hataichimbia. Kwa sasa nimeipa leya yake mwenyewe, na ninaiacha ikionekana kwenye kila ukurasa, hadi ule wa umeme.